Beki Hatazami Mpira

Maskati, Mfungo Saba, 1970

Mwanangu Khalfan,

Barua njema huanza kwa kuulizana hali. Wewe uko chumba cha pili, nakusikia unavyojigeuza kitandani, na mimi nina afya ya kutosha kushika kalamu, basi hilo tumelimaliza. Mzinga wa kufunga milango ya mji ushalia. Hakuna anayeingia wala anayetoka mpaka alfajiri, na alfajiri anayetoka ni wewe.

Hii utaisoma melini, milima ya Maskati ikishapotea machoni. Ukimaliza ichanechane uitie baharini, maana humu nitaitaja Urusi, na mtu aliyepewa ruhusa ya kwenda Kuwait kumsaidia ami yake dukani hana shughuli na Urusi. Sikuandikii uvae nini wala ule nini. Ami yako Saleh atakupokea, na mambo hayo anayajua yeye kuliko mimi. Na habari ya sala nayo naiacha, kwa sababu niliyoshindwa kukushikisha kwa mdomo miaka yote hii hayatashikika kwa karatasi.

Nataka kukwambia yale ambayo kila nikianza kuyasema nilikuwa nakumbuka chungu jikoni.

Nianze na Arkadi, kwa sababu ndiye aliyekuchukua kwangu. Ami yako anadhani ni yeye. Wale rafiki zake wa Kuwait wanaowatafutia vijana nafasi za kusoma Urusi wanadhani ni wao. Mimi najua ni yule kijana wa Kirusi ambaye hatujapata kumwona hata kwa picha.

Ulikuwa na miaka kumi na tano. Redio aliyotuachia ami yako tulikuwa tunaifungulia darini, chini ya blanketi, sauti ndogo, vichwa viwili vimegusana kama watu wanaopuliza moto. Jioni moja ukaipata idhaa ya Kiswahili kutoka Urusi. Mtangazaji alikuwa na Kiswahili cha kitabuni, kila neno limepigwa pasi, naye alikuwa anaeleza habari ya mvulana wa mji wa viwanda vya chuma, beki wa hoki inayochezwa juu ya barafu. Kocha alimwona kwao, akamchukua akiwa na umri kama wako, akampeleka Moscow kulala bwenini na kucheza na watu wazima. Mimi nilicheka. Barafu niliyoijua ni ile ya kipande inayotoka Matrah ndani ya gunia na unga wa mbao, ikifika mlangoni imebaki nusu. Nikakuuliza, "Watu wazima na akili zao wanakwenda kukimbia juu ya barafu?" Sikio lako lilikuwa redioni. Mdomo ulikuwa wazi.

Tangu siku hiyo Arkadi akawa mtu wa nyumbani. Siku nyingine tukimpata, siku nyingine tunapata mikwaruzo tu. Tukajua kwamba alipofika Moscow wenzake walimcheka kwa namna yake ya kusema, ya watu wa mikoani. Tukajua kocha alimkataza kwenda kufunga goli, akamwambia kwanza ajue kurudi nyuma bila ya kuangalia anakokwenda. Tukajua siku alipopasuliwa mdomo, akashonwa, akarudi uwanjani. Na alipoingizwa timu kubwa ulikuja jikoni mbio, unahema, mtu angedhani umeposa.

"Mama, kaingia."

"Nani kaingia wapi?"

"Arkadi. Kaingia timu ya wakubwa. Ana miaka kumi na minane tu."

Nikakwambia hongera, kama vile ni wewe. Nilimpenda na mimi, nisiseme uwongo. Lakini tuligombana kwa ajili yake, bila ya shaka unakumbuka. Siku moja walimhoji, wakamuuliza anamshukuru nani. Akamshukuru kocha. Akawashukuru wafanyakazi wa kiwanda cha kwao. Akaishukuru serikali yake. Akamshukuru mpaka mzee anayesawazisha barafu ya uwanja. Nikangoja. Wakapiga muziki. Nikaizima redio.

"Mbona waizima?"

"Kwani huyu kazaliwa na kiwanda?"

"Wamemkata maneno, Mama. Muda wao mdogo."

"Muda wa mzee wa barafu wameupata. Wa mama yake ndio umewapungukia."

Ukanuna siku mbili. Mimi nilikuwa namfikiria yule mwanamke. Nilikuwa namwona, mnene kidogo, kitambaa kichwani, kasimama jikoni kwake, mwanawe kaondoka na wanaume asiowajua, na majirani wanakuja kumpa hongera. Hakuna aliyemuuliza kama alikubali. Nilikuwa nikisema moyoni, huyu mwenzangu. Sasa naona sikuwa namhurumia yeye hasa. Nilikuwa najiandaa.

Kwani na wewe ulikuwa beki tayari. Unguja ulikuwa ukiwaokotea mipira Wagoa wakicheza hoki Mnazi Mmoja, unarudi nyumbani vumbi mpaka kwenye kope. Huku hakukuwa na skuli ya kijana wa umri wako, wala mwenye kazi ya kumpa mtoto wa Kizinjibari, lakini hoki ukaikuta tena, nje ya lango, kwenye changarawe za Wadi Kabir, askari wa Kibaluchi wakicheza na makarani wa Kihindi wa Matrah. Sajini Murad akakupa gongo lililopasuka, limefungwa waya. Ukawa unarudi na vifundo vimevimba, unanieleza mafunzo yake, na mimi nachambua mchele nasikiliza kwa sikio moja.

"Murad anasema mpira unadanganya," uliniambia. "Gongo linadanganya. Hata macho ya mtu yanadanganya. Beki hatazami mpira, Mama, anatazama kiuno. Mtu hendi pahala bila ya kiuno chake."

"Haya, katazame viuno vya watu huko, mie nipishe nipike."

Ndivyo nilivyokujibu. Katika maneno yote niliyoambiwa katika nchi hii, hayo ndiyo yenye maana, na niliyafukuza kwa mwiko.

Sikupata kukwambia kwamba nilikuona ukicheza. Mwanamke wa kwetu haendi kusimama uwanjani. Lakini visima viko huko huko nje ya lango, na siku moja binti anayetuletea maji alikuwa na homa, nikajifunika nikaenda mwenyewe na wanawake wa mtaani, mtungi kichwani, mimi ambaye Unguja nilikuwa nafungua mfereji tu. Shingo iliniuma. Nikautua mtungi njiani kupumzika, nikakuona. Suruali umeikunja, mwembamba, kumbe mrefu hivyo. Wenzako wote walikuwa wanaufuata mpira. Wewe ulikuwa unarudi kinyumenyume, uso mbele, na karani mmoja wa kiwiliwili kikubwa anakujia kwa kasi. Ukamngoja. Ulimngoja mpaka nikashika mdomo. Ulichofanya sikukiona, niliona tu mpira uko kwako na yeye yuko chini anacheka. Wanawake wakaniuliza kama namjua kijana yule. Nikasema simjui. Nilikuwa nalia chini ya shela na sikutaka maswali. Sikulia kwa fahari, usijidanganye. Nililia kwa sababu niliona kijana mzima, ana kitu, na nchi nzima hii haina pa kumweka.

Njia nzima ya kurudi, mtungi unanimwagikia mabegani, nilikuwa namfikiria baba yako.

Wewe ulikuwa kwa bibi yako siku ile walipokuja, wakati wa mapinduzi, na mengi umeyasikia kwa watu. Ni kweli kwamba mlango hawakuuvunja. Jirani yetu alimwita kutoka chini, kwa sauti yake ya kila siku, ile ile ya kuja kuazima makaa.

"Bwana Nassor, hebu shuka mara moja."

Baba yako akachungulia dirishani, akaona wako watu kadhaa na jirani mbele yao. Akaniambia, "Nnashuka, nnarudi sasa hivi." Akashuka kichwa wazi. Na mimi, mwanangu, wajua nilichofanya? Nilikimbilia kofia. Ile ya viua niliyoishona mwenyewe wakati wa mimba yako. Nilikuwa nasema moyoni, atasimama vipi mbele ya watu kichwa wazi, watu watasema huyu hana mke. Alikuwa ashatoka nje ya mlango. Nikafungua dirisha nikamrushia. Akaidaka. Akaivaa, akaiweka sawa kwa mikono miwili kama alivyozoea siku ya Ijumaa, akanitazama juu akacheka. Kisha akaenda nao, na hatukumwona tena, si yeye wala kaburi lake.

Nilitazama kofia. Jirani alikuwa hataki kuinua uso kunitazama, na sikuliona hilo mpaka baadaye. Mikono ya wale watu sikuitazama. Ningalisema ana homa. Ningalipiga kelele, ningalijitupa ngazini. Ami yako anasema wangalipanda juu wakatumaliza sote, na labda ni kweli. Lakini sikujaribu, kwa sababu nilikuwa na kazi ya kofia. Toka siku ile nimelala na kofia ile na nimeamka nayo.

Sikwambii haya ili uwaogope majirani. Utaishi na majirani huko, na baridi ya Urusi bila ya jirani itakuua. Nakwambia utazame.

Mtu aliyefanya kosa kama hilo ungefikiri atajifunza. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja kinyume. Yangu yalikuja mapema kabisa, yakanikuta bado nina nguvu za kukosea tena, na kila nilipokosea tena uliyeumia ni wewe.

La kwanza unalijua. Tulipokuwa tunatafuta meli ya kutoka Unguja, ami yako alisema twende Kuwait, kuna skuli, kuna kazi, ana watu wake. Nikamwambia mkataa kwao mtumwa. Nikamwambia siendi kuomba hifadhi kwa watu na hali babangu ana mitende Samail. Mitende hiyo sijapata kuiona. Nilichokiona ni kapu la tende lililokuwa linakuja kila mwaka, na babu yako akizigawa kwa mkono wake, watoto tumepanga mstari, akisema, "Hizi za kwetu." Nimekuleta katika nchi hii kwa sababu ya kapu la tende. Tulipofika, mitende wameshagawana ndugu ambao hawakujua kama tupo, zamu yetu ya maji imeshauzwa, na Kiarabu changu kikawa mchezo wa watoto. Wakatukirimu, siwezi kuwasingizia. Wakatukirimu kama anavyokirimiwa mgeni ambaye watu wanamsikilizia ataondoka lini. Unguja tulikuwa Wamanga. Huku tukawa Wazinjibari. Ndipo tukaja kupanga vyumba hivi viwili kwa Bi Salma.

Na wewe uliyekuwa unasoma, unashika namba, unamsahihisha baba yako Kiingereza, nikakuweka ndani ya ukuta ambao mlango wake hufungwa kwa mzinga, ambamo mtu akitoka nje kiza kikiingia sharti awe na taa mkononi, na kutoka nchini sharti apewe ruhusa. Nimekufungia mimi. Na juu ya hayo nilikuwa nakwambia ushukuru, uko kwenu.

La pili hatujapata kulisema, mimi na wewe.

Ami yako alipokuja kututazama, ile mara ya redio, hakuja kututazama. Alikuja kukuchukua. Alikaa pale kwenye mkeka, akanywa kahawa, akasema, "Shemegi, mtoto huyu anaozea hapa. Nipe nende naye." Sikumwambia hapana. Mwanamke aliyelelewa kama mimi hamwambii shemegi yake hapana usoni. Nikaugua. Moyo unanienda mbio, miguu haina nguvu, kizunguzungu. Hakikuwapo hata kimoja. Wewe ukanipikia uji wa mchele na pilipili manga, ukanishikia kikombe, ukanikanda miguu kwa mafuta ya nazi, na mimi nimefumba macho nikikuhesabia thawabu. Ami yako alingoja mpaka meli yake ikaja. Akasema hawezi kumwondosha mtoto na mama yake yuko katika hali hii. Akaiacha redio. "Angalau aisikie dunia," akasema.

Ulijua. Siku ile ile meli ilipoondoka uliniletea uji, ukauweka sakafuni, mbali, ukasimama mlangoni kutazama kama nitaufuata. Nilikuwa na njaa ya kweli. Nikanyanyuka nikaufuata. Wewe ukatoka ukaenda Wadi Kabir, na tangu siku hiyo hukunipikia tena.

Nilikuwa nautazama mlango, usitoke. Wewe uliyekuwa ndani sikukutazama. Miaka minne tokea siku ile, mwanangu, ndiyo miaka mtu anapokuwa mtu. Arkadi aliitumia kuingia timu kubwa. Wewe uliitumia kuchemsha maji ya kuogea na kubeba magunia ya mchele ya Bi Salma, na jioni kumsikiliza Arkadi.

Kisha na yeye akakosea. Unakumbuka vizuri kuliko mimi. Mechi kubwa, dakika za mwisho, akautoa mpira mbele ya goli lake mwenyewe, moja kwa moja kwenye gongo la adui. Wakafungwa. Hukula siku ile. Nilijaribu kukutania, nikakwambia mshambuliaji akikosa watu wanasema bahati mbaya, beki akikosa wanauliza anakaa wapi. Hukucheka. Kocha akamweka nje msimu wote, na redio ikamsahau, na wewe ukawa unaitafuta idhaa ile kila jioni kama mtu anayetafuta habari ya mgonjwa.

Aliporudi timuni wakamuuliza alikuwa akifanya nini muda wote ule. Akasema alikuwa akienda uwanjani peke yake watu wakishaondoka, anasimama pale pale alipokosea. Anasimama tu. Mpaka siku moja pale pakawa barafu tu, kama pengine popote. Wewe ulisema, "Umemsikia, Mama?" kwa sauti ya mtu aliyepewa zawadi. Nilimsikia. Niliondoka nikaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka. Mahali pangu mimi ni dirisha la nyumba ya Unguja, na siwezi kwenda kusimama pale. Wanakaa watu wengine. Kwangu halitakuwa dirisha tu, maisha. Kama kuna dawa nyingine sijaambiwa, na miaka hii yote nimeitafuta, kwa Mungu na kwa watu.

Wiki iliyopita ulikuwa unakunja nguo zako, ukaniuliza bila ya kunitazama, "Mama, wadhani watanijaribu? Kule, kwenye barafu?" Nikasema inshallah, ile inshallah ya kumwondosha mtoto. Jibu langu la kweli ni hili. Hawatakujaribu. Arkadi alivaa vile viatu vya kutelezea kabla ya kujua kusoma. Wewe ni kijana mzima na barafu umeigusa kwenye gilasi ya sharubati. Utasoma uhandisi kwa lugha ambayo hujui hata kuombea maji. Utavaa koti lililochaguliwa na watu. Utasimama pembeni ya uwanja ukitazama viuno, na utajua kila mmoja anakwenda wapi kabla hajakwenda, na hakuna atakayekuuliza. Itakuuma. Nakwambia mimi kwa sababu ami yako ana furaha mno ya kukwambia, na kwa sababu nimeshakuongopea vya kutosha.

Nenda hivyo hivyo. Nenda ukaumie kwa jambo lako mwenyewe. Hapa unaumia kwa la kwangu.

Mimi sina tamaa tena na nchi hii. Watu wanasema mambo yatabadilika. Wanasema hivyo tangu siku tuliyoshuka pwani, na kabla ya kusema hutazama nyuma ya bega. Baadhi yao wameshakufa wakisema. Nitazeeka ndani ya kuta hizi, na siku yangu ikifika watafanya haraka wanitoe kabla ya milango kufungwa. Wewe hutakuwapo. Mwanamke hapewi ruhusa ya kusafiri, nimeshauliza, nilituma mtu akaniulizie na akarudi anacheka. Na aliyekwenda Urusi akijulikana, hapa hana njia ya kurudi ila ya gerezani. Hilo uliniambia wewe mwenyewe, kwa upole, ukiwa umenipa mgongo unapanga viatu. Ulifikiri ukilisema polepole halitanivunja.

Usiniandikie. Barua yenye stempu ya kule ikifika hapa itamfikisha Bi Salma pabaya, naye ametuweka kwa wema. Ami yako akiniandikia kwamba dukani salama, nitajua uko hai. Zaidi ya hapo sitakuwa najua lolote, kama umeoa, kama umekonda, kama kuna mtu wa kukuuguza. Nimejaribu kuizoea habari hii na sikuizoea. Nakwambia ili usifikiri mama yako ni jasiri. Siku ya kwanza ulipotajiwa safari hii nilihisi moyo unanienda mbio na miguu haina nguvu, na mara hii vilikuwa vya kweli, na sikumwambia mtu.

Ukisoma hapa, mambo ya mlangoni yatakuwa yamekwisha. Bi Salma atakuwa ameshaushika msahafu juu, umepita chini yake mara tatu kama wapitavyo wasafiri wetu wote, na yeye ameomba kama inavyoombwa: Mungu akupeleke salama, Mungu akurudishe salama. Rudisha fikra zako ukumbuke. Ya kwanza niliitikia amina kwa nguvu. Ya pili hukunisikia, na kama ulinitazama ulidhani kilio kimenikaba. Hakikunikaba. Ile dua sikuitaka ipokelewe.

Ukisikia naumwa, usirudi, hata akuapie nani. Ukisikia nimekufa, nisalie huko huko uliko. Ukisikia nakuita, jua wakubwa wa hapa wameniandikia maneno, au mimi nimeshakuwa mzee mwoga nisiyejua nisemalo, na kwa vyovyote usirudi. Mama wa kwetu hamwambii msafiri neno hili. Wanasema ni sawa na kumlaani. Mimi nimelishika mdomoni mwezi mzima, nikilitafutia jina jingine, na halina.

Nakupenda kuliko roho yangu, Khalfan. Usirudi, babangu.

Mama yako